Ndege zinazokwepa rada: nchi inunue au iache?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mi na mjomba tumebishana karibu wiki nzima. Yeye anasema nchi isiyo na ndege za kivita zinazokwepa rada kama F-35 ni kama haina jeshi la anga, mi naona ni kutupa hela tu. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba. Mjomba ana hoja, ila kaishika nusu. Hizi ndege zinakwepa rada kweli, umbo lake linatawanya mawimbi, mwili umepakwa dawa ya kuyafyonza na mabomu yanakaa tumboni badala ya kuning'inia mabawani, kwa hiyo adui mwenye makombora ya kutungulia ndege anachelewa kukuona. Anachelewa, sijasema hakuoni kabisa. Tarehe 27 Machi 1999 usiku, Waserbia waliitungua F-117, ndege ya Marekani ya kukwepa rada, kwa S-125, kombora la Kisovieti la miaka ya 60!

Lakini mimi linaloniuma zaidi ni bei. Watu wakitajiwa dola milioni 80 na ushee kwa F-35A moja wanadhani imeisha hapo, kumbe ndo kwanza unaanza kulipa. Angalia B-2, ndege ya Marekani ya kudondosha mabomu inayokwepa rada, ile inalazwa kwenye hanga la kiyoyozi ili dawa ya mwilini isiharibike, na fundi akibandua sehemu kubadilisha kifaa, akimaliza anaziba mianya, anapaka upya, anasubiri ikauke, ndo ndege iruke. F-35 imepunguza adha hiyo, sawa, ila wakaguzi wa serikali ya Marekani wenyewe walikuta Machi 2023 zilizokuwa tayari kwa kazi ni kama asilimia 55 tu, spea hazitoshi na kazi nyingi ya ufundi inategemea kampuni iliyoziunda. Sasa kama mwenye kuziunda anahangaika hivyo, we uliyenunua 12 utapata spea lini?

Halafu kuna suala la nani kashika funguo. Uturuki ilikuwa inatengeneza hadi vipuri vya F-35, ikanunua mitambo ya Urusi ya kutungulia ndege iitwayo S-400, 2019 Marekani ikaitoa kwenye mradi na ndege haikuipa. Uswisi nayo 2020 wananchi walipiga kura, asilimia 50.1 wakakubali faranga bilioni 6 za ndege mpya, serikali ikachagua F-35 ikiamini bei imefungwa, 2025 Marekani ikasema haijafungwa.

Kwa hiyo msimamo wangu: nchi inayopakana na adui mwenye rada na makombora ya kisasa, tena iko kwenye muungano na anayeziuza, na hela ya matengenezo ya miaka 30 ipo kwenye bajeti, inunue. Nyingine iache, na siyo kwamba itabaki mikono mitupu, kuna ndege ya kivita ya Sweden, Gripen, inayotua hata barabarani na kujazwa mafuta na silaha na askari wachache kwa kama dakika 10, kuna rada nzuri, kuna makombora ya kujilinda, na zaidi ya vyote kuna saa za marubani kuruka, maana rubani asiyeruka hata umpe ndege gani hatakusaidia, na hela ya saa hizo ndo huwa ya kwanza kukatwa ndege ghali zikishaingia.

Ukirudi kwa mjomba usimuulize bei ya ndege, muulize nani atalipia mwaka wa kumi na tano, akikujibu niandikie tena.