Echo Dot haizioni taa? Anza na ruta

Dada wa Chumbageni, pole. Umesema Echo Dot, ile spika ya Amazon inayoamrishwa kwa sauti, aliyokuletea kaka yako kutoka Marekani inapiga muziki vizuri, ila taa mbili za Wi-Fi ulizonunua hapa Tanga haizioni. Usizirudishe dukani kwanza. Taa nyingi za aina hiyo hushika bendi (mawimbi) ya Wi-Fi ya 2.4 GHz tu, na huenda simu yako imekaa kwenye bendi ya 5 GHz. Ingia kwenye mipangilio ya ruta, kile kifaa kinachorusha Wi-Fi, zipe bendi hizo majina tofauti, kisha unganisha simu na ile ya 2.4. Anza na programu ya taa zenyewe. Zikishawaka na kuzimika kwa simu, ndipo uiunganishe akaunti ya taa hizo na programu ya Alexa, ile inayoendesha Echo Dot. Wengi huanzia kwenye spika, wakazunguka siku nzima.

Swichi ya ukutani ibaki imewashwa, maana taa ikikosa umeme spika haiioni. Waambie na watoto.

Ila lililonishtua ni ile plagi aliyoleta kaka yako, ambayo bado iko kwenye boksi. Tafadhali soma maandishi yake kabla ya kuichomeka. Ikiandikwa 120V pekee, iache kabisa, maana umeme wetu ni 230V.