Kabla ya kuomba sabatiko, wanafunzi wako unamwachia nani?

Mwenzangu wa idarani alinipigia juzi. Ameona tangazo la ufadhili wa sabatiko, yaani likizo ya mhadhiri ya kwenda kufanya utafiti, kwa watafiti waandamizi, akataka nimsomee andiko lake. Nikamwambia, dada, andiko nitalisoma, ila kwanza niambie: wanafunzi wako wa uzamivu unamwachia nani? Akanyamaza.

Nilimuuliza hilo kwa sababu ndipo mimi nilipoumia. Nilipopata muhula mmoja STIAS, taasisi ya utafiti iliyoko Stellenbosch, Afrika Kusini, niliondoka Dar es Salaam nikiwa na wanafunzi 4 wa uzamivu, 11 wa uzamili, na ahadi ya mdomo kwamba kazi zangu watagawana wenzangu. Hakuna aliyezigawa. Wiki 6 za mwanzo nilikaa katika ofisi tulivu kuliko zote nilizowahi kupewa, nikisahihisha tasnifu na kujibu barua pepe za mitihani. Muda ule sikuupata tena.

Kwa hiyo, kabla hujatuma maombi, dai barua. Iseme kwamba mshahara wako utaendelea, imtaje kwa jina atakayemshika kila mwanafunzi, na iseme wazi kwamba hutaitwa vikaoni, hata vya mtandaoni. Mkuu wa idara atakwambia haina haja, tunaaminiana. Mwambie kwa heshima kwamba unaihitaji hata hivyo. Mkuu wa idara hubadilika, na mpya hajui mliahidiana nini.

Milango ya kubisha ipo. Fulbright wana mpango wa watafiti wa Afrika wa kukaa miezi kadhaa katika chuo cha Marekani. Utahitaji barua ya mwaliko, na jua mapema kwamba kwa kawaida viza yake inakutaka uishi kwenu miaka 2 kabla ya kuomba ukaazi wa kudumu kule. Bellagio, makazi ya Rockefeller Foundation kando ya Ziwa Como nchini Italia, ni kwa wiki chache tu, panamfaa mwenye mswada unaokaribia kwisha. Ukienda Afrika Kusini, pasipoti ya Tanzania inakupa siku 90 bila viza. Muhula ni mrefu kuliko hapo, kwa hiyo anza kushughulikia viza mapema.

Sasa, ubebe nini? Beba data uliyokwisha kuikusanya. Usiende kuanza jambo jipya. Mimi nilibeba madaftari ya Newala na Tandahimba, mahojiano na wakulima wa korosho tangu stakabadhi ghalani, mfumo wa kuuza mazao kupitia ghala na mnada, ilipoanza Mtwara mwaka 2007. Nilikuwa nimeyatumia kuandika ripoti nyingi za ushauri elekezi, yaani kazi za kulipwa na wateja, nikaamini nimeyamaliza.

STIAS watafiti hula chakula cha mchana pamoja. Siku moja niliketi na mwanafizikia, nikamweleza jinsi mkulima anavyopeleka korosho kwenye chama cha msingi cha ushirika, zinapelekwa ghala kuu, unafanyika mnada, kisha ndipo analipwa. Akauliza: kwa nini akubali kuitoa mali yake kabla ya kujua bei? Nikafungua mdomo nimjibu kwa sentensi niliyoiandika katika kila ripoti, kwamba wakulima wana uelewa mdogo wa mfumo. Nikaona aibu. Jioni nilirudi kwenye madaftari. Mama mmoja wa Tandahimba alikuwa amenieleza yote, hatua kwa hatua: kangomba, mnunuzi wa nje ya mfumo, anampa pesa leo kwa kipimo chake mwenyewe, chama kinamlipa kesho kwa mzani, na yeye kila msimu anapima ada ya shule inadaiwa lini ndipo anaamua gunia lipi liende wapi. Uelewa alikuwa nao mwingi kuliko mimi. Ripoti hazikuwa na nafasi ya maneno yake, na mimi sikuwahi kuidai nafasi hiyo.

Mwaka 2011, pale Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, msomi Mahmood Mamdani alionya kwamba utamaduni wa ushauri elekezi unaua utafiti katika vyuo vyetu: mtu anajibu maswali ya mteja mpaka anasahau kuuliza yake. Nilikuwa nimeisoma hotuba ile na kukubaliana nayo, bila kuona kwamba inanihusu. Ndiyo maana nakusihi, ukiwa kule, kazi ya ushauri ikikujia, ikatae, hata kama posho yake inatosha kumalizia paa la nyumba. Mimi nilikataa 2, na ya pili iliniuma kweli. Sura 3 za kitabu changu zimetokana na miezi hiyo.

Jana mwenzangu amenitumia ujumbe. Barua imesainiwa. Wanafunzi wake 3 wamepata wasimamizi, wa 4 bado anatafutiwa. Nimemjibu kwamba huyo nitamchukua mimi, amlete Jumatatu na sura zake zote.