Sampuli tupu imekutwa na zinki: tuitoe kwenye hesabu?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Tulichukua maji kwenye visima vifupi vya Mwambani na Tongoni, hapa Tanga, tukayapeleka maabara Dar es Salaam. Majibu yamerudi na karatasi ya udhibiti wa ubora inayoonyesha kwamba upande wa maabara kila kitu kiko sawa. Tatizo ni sampuli tupu tuliyoiandaa kisimani, yaani chupa ya maji safi ya maabara ya kuonyesha uchafu unaoingia wakati wa kazi: ina zinki miligramu 0.04 kwa lita. Kisima kimoja kina 0.05 na sampuli pacha yake (chupa ya pili ya kisima hichohicho) 0.07, kingine kina 0.9. Kikomo cha kuripoti cha maabara, yaani kiasi kidogo kabisa inachoweza kukitetea, ni 0.02. Mkuu wangu anataka tutoe 0.04 kwenye kila jibu, ripoti iende. Ni sahihi? Na hizo pacha zimepishana kwa asilimia 33, si zimefeli?

JIBU: Marahaba. Mwambie mkuu wako, kwa heshima zote, kwamba hapana. Ile 0.04 ni kipimo cha chupa moja, siku moja. Uchafu hauingii kwenye kila chupa kwa kiasi kilekile, kwa hiyo huwezi kuukata sawasawa kama kodi. Na ukiutoa kwenye 0.05 unabaki na 0.01, tarakimu ambayo maabara yenyewe imeshakwambia haiwezi kuitetea kwa sababu iko chini ya kikomo.

Kinachofanyika ni kuacha majibu kama yalivyo na kuyawekea alama. Kanuni inayotumika sana kwa metali ni mara kumi: jibu lolote lililo chini ya mara kumi ya sampuli tupu linatiliwa shaka. Kwenu mpaka ni 0.40. Kile kisima cha 0.05 andikeni kwamba zinki yake haitofautishwi na uchafu wa kazi ya uwandani. Cha 0.9 kimepita, lakini msifurahi bado.

Hukuniambia sampuli tupu mliiandaaje. Wengi hufungua maji safi ya maabara pale kisimani, wakayamimina moja kwa moja kwenye chupa, wakatia asidi, wakafunga. Ukifanya hivyo umepima chupa, asidi, glovu na vumbi la pale. Ndoo hujaipima. Kama mlichota kwa ndoo ya bati, basi mlichota kwa chombo kilichopakwa zinki ndani na nje, na ile 0.9 inaweza kuwa imetoka kwenye ndoo bila sampuli tupu yenu kusema neno. Kinachohitajika ni sampuli tupu ya vifaa: mimina maji ya maabara kwenye ndoo ileile iliyosafishwa kama kawaida yenu, yaache humo kwa muda ule ambao maji ya kisima hukaa, ndipo uyatie kwenye chupa na asidi kama sampuli nyingine. Kama mnachuja, yapite na kwenye chujio. Ikitoka safi, ndoo haina hatia.

Kama kisima kina pampu yenye bomba la chuma lililopakwa zinki, hiyo ni habari nyingine. Zinki ya bomba imo kwenye maji wanayokunywa watu kweli, kwa hiyo si kosa la uchukuaji. Iandikeni kwenye maelezo ya kisima. Shirika la Afya Duniani halijaiwekea zinki kiwango cha kiafya. Linasema tu kwamba ikizidi miligramu 3 kwa lita watu wanaweza kuyakataa maji. Hakuna atakayeugua kwa 0.9. Ila ndoo iliyowapotosha kwenye zinki isiaminiwe kwenye metali nyingine pia.

Pacha hazijafeli. Asilimia 33 ni hesabu sahihi (tofauti 0.02, wastani 0.06), lakini asilimia hudanganya namba zikiwa ndogo. Majibu yakiwa chini ya mara tano ya kikomo cha kuripoti, kwenu 0.10, achana na asilimia, tazama tofauti yenyewe. Ni 0.02, haijazidi kikomo. Kama zingekuwa 0.5 na 0.7, asilimia ni ileile 33, na hapo ningewauliza mlikoroga tope la kisima au la.

Sasa ile karatasi ya maabara. Inasema kweli, ila inasema habari za mezani kwao tu. Sampuli tupu yao safi na yenu chafu maana yake ni kwamba zinki iliingia kabla chupa haijafunguliwa kwao. Soma pia sehemu ya sampuli iliyoongezewa kiasi kinachojulikana, ile ya kuona maabara inarudisha asilimia ngapi. Kwa kawaida hufanywa moja kwa kila kundi la sampuli 20, na kundi hilo huchanganya wateja. Inawezekana waliongezea kwenye maji ya mto ya mtu mwingine kabisa, wakati nyie mmepeleka maji ya visima vya pwani, yenye chumvi inayoweza kuisumbua mashine. Safari ijayo jazeni chupa ya ziada kwenye kisima chenye chumvi zaidi na muandike kwenye fomu ya makabidhiano kwamba jaribio hilo lifanywe kwa maji hayo.

Sampuli tupu ya safari, ile inayotoka maabara, inakaa kwenye deli na kurudi bila kufunguliwa, kwa metali haina kazi kubwa. Iombeni siku mkipima benzini kwenye visima vya karibu na sheli.

Na hizi chupa za udhibiti msiziandike “tupu” wala “pacha”. Zipeni namba kama visima vingine, pacha na saa yake ya uongo, ili maabara isizitambue. Ukweli ubaki kwenye daftari lenu.