Mwenzako ameelemewa chuoni: umpeleke mlango upi?

"Nenda kamwone mshauri" ni kauli rahisi kutoa, na mara nyingi haimfikishi mtu popote. Aliyekosa usingizi wiki nzima hana nguvu za kutafuta ofisi, kukaa foleni na kujieleza upya kwa kila anayemkuta mezani. Mpeleke wewe mwenyewe.

Anza kwa kumwita pembeni, kamwe si kwenye grupu la darasa. Taja ulichokiona: "Tangu Jumatatu hujaingia darasani, na chakula huli. Kuna nini?" Kisha nyamaza usikilize. Ukimwambia wenzake wana shida kubwa zaidi, atafunga mdomo.

Ukiwa na wasiwasi, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimtii wazo kichwani. Wengi hupata nafuu kuulizwa. Akikubali, usimwahidi kutunza siri na usimwache peke yake hata akienda msalani. Ondoa dawa, sumu ya panya na nyembe chumbani. Mwite msimamizi wa hosteli (warden) au askari wa chuo mpate usafiri, mwende kituo cha afya cha chuo. Kama kimefungwa, hospitali yoyote yenye huduma ya dharura. Usisubiri asubuhi.

Kwa mengine, milango hutofautiana. Kwa vyuo vya Tanzania, msiba, malazi, ugomvi wa nyumbani na msongo huanzia Ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi. Ulizia kwanza mnasihi, yaani mshauri wa kisaikolojia, yupo saa ngapi, maana kukuta mlango umefungwa kunatosha kumkatisha tamaa asirudi tena. Boom, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo, isipoingia, mwone afisa mikopo wa chuo kabla ya kufunga safari kwenda Bodi ya Mikopo. Aende na namba yake ya mtihani wa kidato cha nne, kwani ndiyo inayomtambulisha kwenye mfumo wa Bodi.

Aliyebakwa awahi hospitali kwanza, kabla ya ofisi yoyote. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Ikiwezekana asioge kabla ya kupimwa. Nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, kwa sababu za plastiki hutunza unyevu na kuharibu ushahidi. Vituo vya mkono kwa mkono vina daktari, polisi na ustawi wa jamii mahali pamoja. Dawati la jinsia la chuo lifuate baada ya hapo.

Sasa karatasi, ambako wengi huumia bila sababu. Kukosa mtihani bila ruhusa huhesabiwa kuwa umeutoroka, na mtu anaweza kudisko, yaani kuondolewa chuoni, hata kama alikuwa mgonjwa kweli. Barua ya kuahirisha iandikwe kabla ya mtihani na ipitie kwa mkuu wa idara. Iwe na jina, namba ya usajili, kozi, kodi (code) za masomo, tarehe za mitihani, na sababu kwa sentensi moja tu. "Sababu za kiafya, cheti kimeambatishwa" inatosha. Hana haja ya kumweleza kila karani anachougua. Cheti cha hospitali ya nje apeleke kituo cha afya cha chuo kikathibitishwe. Atoe nakala tatu, na yake igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Barua inayokuja baada ya matokeo huonekana utetezi wa aliyefeli.

Akiahirisha mwaka mzima, nakala moja iende kwa afisa mikopo siku hiyohiyo, la sivyo atarudi akute mkopo umesimama. Na akishaonana na mnasihi, muulize miadi inayofuata ni lini, uandike kwenye simu yako pia, halafu siku hiyo mpitie chumbani nusu saa kabla.