Msimamizi wa hosteli kufungua chumba wakati hampo
Mdogo wangu, umeuliza kama msimamizi wa hosteli anaruhusiwa kufungua chumba chenu kwa ufunguo wa akiba na kupekua masanduku mkiwa darasani. Kuingia anaweza. Kupekua ni jambo jingine kabisa.

Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania ya 1977 inampa kila mtu hifadhi ya maisha yake binafsi na ya maskani yake, na chumba unachokilipia ndicho maskani yako kwa muhula mzima. Ila ibara hiyohiyo inaruhusu sheria kuweka utaratibu wa kuingilia haki hiyo, kwa hiyo usiende ofisini ukidai hakuna wa kukanyaga humo. Moshi, bomba limepasuka, mwenzenu amezidiwa: afungue tu, hata bila hodi.

Lakini kupekua nguo za binti asipokuwepo, tena msimamizi akiwa na fundi wa kiume, hilo silikubali hata kidogo! Someni kanuni za malazi mlizosaini, muone zinasemaje kuhusu ukaguzi. Kisha andikeni barua wote wa chumba hicho, mtaje tarehe na saa, mpeleke kwa Mshauri wa Wanafunzi, nakala serikali ya wanafunzi. Mbaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.