Mtu wa nyumbani amefungwa, lakini adhabu ni ndogo: majibu kwa barua zenu

Barua za wiki hizi, kutoka Kisauni hadi Mtongwe, zinahusu mtoto aliyeharibiwa na mtu wa nyumba yake, mahakama ikampata mtu huyo na hatia, kisha adhabu ikatoka nyepesi. Sijataja jina la yeyote, maana ukimtaja baba umeshamtaja mtoto.

Kaka yangu amepatikana na hatia ya kumwingilia bintiye wa miaka 13. Hakimu kampa miaka saba. Naambiwa kesi imekwisha. Ni kweli? (Shangazi, Kisauni)

Haijaisha, shangazi. Na pole sana. Kusimama na mtoto dhidi ya ndugu yako wa tumbo moja si jambo dogo.

Tafuta nakala ya karatasi ya mashtaka uangalie kifungu. Kikiwa cha 20 cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, yaani kujamiiana na maharimu, adhabu haiwezi kushuka chini ya miaka 10, na kwa kuwa mtoto hajafika miaka 18, yaweza kupanda hadi kifungo cha maisha. Kikiwa cha 8, unajisi, yaani kujamiiana na mtoto, kima cha chini kwa mtoto wa miaka 12 hadi 15 ni miaka 20. Huo ni upungufu wa sheria unaoniuma: baba mzazi anaweza kuanzia miaka 10 pale ambapo jirani angeanzia 20. Kwa hiyo kifungu anachoshtakiwa mtu ni jambo la kumuuliza kiongozi wa mashtaka mapema, kabla kesi haijaanza kusikizwa.

Kwa vyovyote vile, miaka saba iko chini ya sheria. Hakimu amekosea, na hoja hiyo ina nguvu kuliko kusema tu kwamba amekuwa mpole. Majaji hawaongezi adhabu kwa sababu wao wangetoa kubwa zaidi; wanataka kuona sheria imekiukwa, au jambo zito limesahauliwa.

Wewe mwenyewe huwezi kukata rufaa, maana kesi ya jinai ni ya Jamhuri. Iandikie Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma hapa Mombasa: nambari ya kesi, mahakama, tarehe ya hukumu, kifungu, adhabu. Ipeleke kwa mkono, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Rufaa ina siku 14, ingawa mahakama yaweza kuongeza muda kukiwa na sababu nzuri. Kwa adhabu ndogo, viongozi wa mashtaka mara nyingi huomba Mahakama Kuu ifanye mapitio, chini ya vifungu vya 362 na 364 vya sheria ya mwenendo wa kesi za jinai. Jaji anaweza kuongeza adhabu, ila lazima kwanza amsikize aliyefungwa.

Si mahakama zilishasema adhabu hizi za lazima ni kinyume cha Katiba? (Mwalimu, Changamwe)

Zilisema, kisha zikarekebishwa. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu iliondoa ulazima wa hukumu ya kifo kwa mauaji, na mahakama za chini zikaueneza uamuzi huo hadi kwenye unajisi. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ikafafanua kwamba ulihusu mauaji pekee, lakini mwaka uliofuata bado majaji wa Mahakama Kuu waliendelea kupunguza. Mkurugenzi wa Mashtaka alipanda na suala hilo hadi Mahakama ya Juu. Julai 2024 akashinda: kifungo cha unajisi kilichoshushwa kutoka miaka 20 hadi 15 kikarudishwa 20. Aprili 2025 akashinda tena katika kesi ya pwani yetu hii, ambapo Mahakama ya Rufaa ya Malindi ilikuwa imegeuza kifungo cha maisha kuwa miaka 40. Maisha yakarudi. Hakimu anayeshuka chini ya kima leo hana pa kujificha.

Mama mkwe anataka nimwambie hakimu nimesamehe, maana mume wangu ndiye anayelipa kodi na karo. Nikisema hivyo, adhabu itapungua? (Mama, Likoni)

Inaweza, dadangu, na ndiyo maana wanakusukuma. Baada ya hatia, hakimu huuliza kama kuna la kusema kabla ya adhabu. Hapo bibi husimama na leso yake, analia, anasema nyumba itabomoka. Maneno hayo yanaandikwa, na baadaye yanasomeka kwenye hukumu kama sababu ya huruma. Yaliyompata mtoto hayana wa kuyasema.

Msamaha wako ni wako. Wa mtoto huwezi kuutoa wewe. Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya 2014 inampa yeye nafasi ya kueleza madhara aliyopata: usingizi uliopotea, shule aliyoacha. Mwambie kiongozi wa mashtaka mapema mnataka kuitumia nafasi hiyo. Kuvunja uaminifu wa mzazi ni jambo linaloongeza uzito wa adhabu, na lisipotajwa siku hiyo ni vigumu kulijengea hoja mbele ya Jaji.

Kama bado wapo wanaotaka kulimaliza kinyumbani, kuacha mashtaka si uamuzi wa wazee, na kadhi hana mamlaka ya jinai. Katiba imempa ndoa, talaka, urithi na hadhi ya mtu. Kuhusu kodi na karo, nenda ofisi ya watoto ya eneo lako kabla ya siku ya adhabu. Hofu yako ni ya kweli, lakini isilipwe na mtoto.

Dada yangu aliye Leicester anasema huko mtu yeyote anaweza kulalamika. (Msomaji, Majengo)

Ni kweli kwa England na Wales. Sheria yao ya 1988 ilimpa Mwanasheria Mkuu siku 28 kupeleka adhabu nyepesi Mahakama ya Rufaa, na raia yeyote anaweza kumwomba aitazame. Natamani Bunge letu lituwekee mlango ulio wazi namna hiyo.

Wakikata rufaa, mjukuu wangu atatoa ushahidi tena? (Bibi, Mtongwe)

Hapana, bibi. Jaji anasoma kumbukumbu za kesi na kusikiliza mawakili. Mtoto angeitwa tena pale tu ambapo Mahakama imeamuru kesi isikizwe upya. Kwa sasa endeleeni na kliniki ya waathiriwa wa dhuluma katika hospitali kuu ya Makadara, na mtu wa nyumbani akianza kumtishia, pigeni 116 au 1195 siku hiyo hiyo.