Eosinofili zisizoshuka hata baada ya dawa za minyoo

Dada, umeuliza kama eosinofili (aina ya chembe nyeupe za damu) 9,000 za mumeo kwa kila maikrolita ya damu ni kwa sababu ya minyoo tu, na yeye ni mvuvi wa Dunga, Ziwa Victoria, aliyemeza dawa ya minyoo mara mbili. Ziwani kichocho hushukiwa kwanza, na ni haki. Lakini zikibaki juu ya 1,500 baada ya prazikwanteli (dawa ya kichocho) na ivamektini (dawa ya minyoo), na wengu umevimba, usingoje.

Mwombeni daktari wa damu kipimo cha FISH au PCR (vipimo vya jeni) cha muungano wa jeni FIP1L1-PDGFRA, unaosababisha aina ya saratani ya damu. Msiridhike na jibu la "kromosomu ziko sawa": kipande kinachokatika kwenye kromosomu ya 4 ni kidogo mno, darubini ya kawaida haikioni. Kipimo cha BCR-ABL kikiwa hasi nacho hakiondoi ugonjwa huu, hiyo ni jeni ya saratani nyingine ya damu iitwayo CML.

Akikutwa nao, dawa ni imatinibi, na mara nyingi mg 100 kwa siku hutosha, si zile 400 za CML. Ameze na chakula na maji glasi nzima. Kabla ya kidonge cha kwanza apimwe moyo kwa eko (picha ya mawimbi ya sauti), na troponini (kipimo cha damu kinachoonyesha kama misuli ya moyo imeumia). Hapa ndipo watu hupotea: eosinofili zikifa kwa wingi humwaga sumu kwenye misuli ya moyo, na moyo waweza kushindwa ndani ya siku chache. Moyo ukiwa umeguswa, daktari hutanguliza steroidi (dawa za kutuliza mwitikio huo).

Akiwa kwenye dawa za TB mseme mapema, rifampisini, moja ya dawa hizo, hupunguza nguvu ya imatinibi. Na hesabu ikirudi kawaida asiache dawa mwenyewe, ugonjwa hurudi.